Deni la dakika: Warriors na kijana wa Goma

Usiku wa kuamkia Jumapili, Mei 11, 2025, nilitega simu initoe kitandani saa tisa na robo. Mchezo wa tatu wa mfululizo wa mtoano wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kati ya Golden State Warriors na Minnesota ulikuwa unaanza saa tisa na nusu kwa saa za kwetu, na bando nililobaki nalo lilitosha mechi yenyewe tu, bila mbwembwe za wachambuzi. Nikajifunika shuka gubigubi ndani ya chandarua ili mwanga usimwamshe mama watoto, nikaweka spika sikio moja, la pili nikaliacha kwa ajili ya mtoto akilia. Stephen Curry, nyota wa Warriors, timu yangu, alikuwa benchi na nguo zake za kawaida. Msuli wa nyuma ya paja ulikuwa umemkamata kwenye mchezo wa kwanza, na kila aliyekesha alijua kwamba mzigo wote sasa ni wa Jimmy Butler.

Ndipo Jonathan Kuminga, kijana wa Goma, akaanza kuudai mpira. Anaupokea pembeni, anamtazama mlinzi kiunoni, anadunda mara moja, bega linatangulia, ukija kushtuka yuko chini ya ringi. Anarudi, anaomba tena. Alimaliza na pointi 30, Butler 33, na bado tulifungwa 102 kwa 97. Nilizima simu kumeshakucha. Kufungwa nilishakuzoea. Kilichonikera ni kitu kingine: mtu huyu tulikuwa naye tangu 2021, ilikuwaje mpaka Curry aumie ndipo tukumbuke kwamba yupo?

Maana wiki nne tu nyuma yake, mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida dhidi ya Clippers, na siku mbili baadaye ile ya Memphis ya kuwania kuingia mtoano, kocha Steve Kerr hakumwingiza hata sekunde moja.

Kwenye kiwanja cha saruji mtaani kwetu ubishi huu haujaisha mpaka leo. Vijana wanasema Kerr hampendi. Wakubwa wanasema dogo ana majivuno, na wamembatiza jina "Kuringa". Mimi nadhani kote huko ni kutafuta mchawi. Kerr ana makosa yake na Kuminga ana yake, nitayafikia, lakini tatizo hili lilizaliwa kabla hawajajuana, siku wenye timu walipoamini kwamba nafasi ya juu kwenye drafti, ule ugawaji wa wachezaji wapya, ni mali unayoiweka kabatini mpaka utakapoihitaji. Nafasi ile ni deni. Ukimchukua kijana wa miaka 18 au 19 aliye na kipaji kuliko maarifa, umekopa, na malipo yake ni dakika: dakika za kukosea, kupoteza mpira, kusahau mtu wake kwenye ulinzi, na kesho yake kupangwa tena. Warriors walikopa wakati ambao dakika zote za timu zilishawekwa rehani kwa Curry.

Kwa msomaji anayefuata zaidi soka, huku kwetu tajiri wa Simba au Yanga akimtaka mchezaji anafungua pochi. Kwenye NBA pesa peke yake haikufikishi mbali. Kuna kikomo cha mishahara, kuna kodi kwa anayekipita sana, na wachezaji wapya wanagawanywa kwa zamu kila Juni, waliofanya vibaya wakipewa nafasi nzuri ya kuchagua mapema. Ndiyo maana kujenga kikosi kule ni kama mchezo wa bao. Kete unayoichukua leo inaamua utashindwa kula wapi baada ya mizunguko mitano.

Na Warriors walikuwa mafundi wa bao. Curry alichukuliwa wa 7 mwaka 2009. Klay Thompson wa 11 mwaka 2011. Draymond Green wa 35 mwaka 2012, raundi ya pili, jina ambalo wengine walilipita zaidi ya mara thelathini. Joe Lacob na Peter Guber walikuwa wameinunua timu mwaka 2010 kwa dola milioni 450, na Machi 2012 wakamtoa Monta Ellis, kipenzi cha mashabiki, wakamchukua Andrew Bogut ambaye wakati huo alikuwa majeruhi. Siku chache baadaye Lacob alishika kipaza sauti uwanjani Oakland, akazomewa vibaya. Alikuwa sahihi yeye, tulikosea sisi. Ellis alipoondoka, mpira ukabaki mikononi mwa Curry. Mwaka huohuo Curry, kwa sababu ya vifundo vya miguu vilivyokuwa vinamsumbua kila mwezi, alisaini miaka minne kwa dola milioni 44 tu. Mkataba ule wa bei ya mnada ndio uliowaachia nafasi ya kumchukua Andre Iguodala mwaka 2013, na kwa kiasi kikubwa ndio uliowawezesha kumpata Kevin Durant mwaka 2016, kikomo cha mishahara kiliporuka kutoka dola milioni 70 hadi 94 kwa pesa mpya za televisheni.

Sasa wale wa rika langu hapa Dar hatuwezi kuutaja mwaka 2009 bila kumtaja Hasheem Thabeet. Drafti ile ile aliyoingia Curry, mtoto wetu alichaguliwa wa 2, nafasi tano kabla ya Curry na moja kabla ya James Harden. Mita 2.21. Tulijiona tumefika. Memphis walimchukua huku wakiwa na Marc Gasol ambaye alikuwa anakua kwa kasi pale pale katikati. Thabeet alikuwa ameanza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15, alihitaji misimu miwili mitatu ya kuharibu na kurekebisha, na timu ile haikuwa na dakika hizo za kumpa. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha walishampeleka ligi ya chini, Dakota. Msimu wa pili ukiendelea wakampeleka Houston. Mpaka leo watu wanamcheka kama mfano wa chaguo baya. Sisemi angekuwa Harden, hapana. Nasema sikuwahi kuona mtu akiuliza aliyekopa alilipa nini.

Kumbukumbu ile ndiyo iliyonifanya nitetemeke mwaka 2020 Warriors walipochagua wa 2, na wakamchukua senta mrefu, James Wiseman.

Turudi nyuma kidogo. Fainali ya 2019 dhidi ya Toronto ilituvunja vipande: Durant kano ya kisigino, Klay goti. Durant akaenda Brooklyn, na badala ya kumwachia bure, Warriors wakafanya mpango wakampata D'Angelo Russell. Iguodala akapelekwa Memphis kupunguza mishahara. Msimu uliofuata Curry akavunjika mkono mapema, tukamaliza na ushindi 15 na vipigo 50. Ndani ya msimu ule mchafu kukafanyika biashara moja nzuri mno. Februari 2020 Russell alipelekwa Minnesota, akaja Andrew Wiggins pamoja na chaguo la Minnesota la raundi ya kwanza la mwaka 2021. Wiggins alikuja kuwa mtu wa pili nyuma ya Curry kwenye ubingwa wa 2022. Lile chaguo likaangukia nafasi ya 7, na ndilo lililomleta Kuminga.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo ambalo Wamarekani waliliita zama mbili: Curry, Klay na Draymond waendelee kuwania ubingwa, na pembeni yao wakue vijana watakaoshika usukani wakubwa wakichoka. Watu wengi huwapiga Warriors kwa methali ya njia mbili kumshinda fisi. Mimi naona wanamwonea fisi. Fisi angalau alitembea, mguu huku na mguu kule, mpaka akapasuka. Warriors hawakuitembea ile njia ya pili. Walinunua kiwanja kando yake, wakaweka uzio, wakarudi njia ya kwanza.

Na njia mbili zinawezekana, ushahidi upo. San Antonio msimu wa 1996/97 walimkosa David Robinson karibu msimu mzima, wakashinda mechi 20 tu, wakapata chaguo la kwanza, wakamchukua Tim Duncan, na mwaka 1999 wakawa mabingwa. Timu kubwa, mwaka mmoja mbaya wa majeruhi, chaguo la juu, ubingwa: ukimwona Lacob mwaka 2020 ungedhani anaisoma ramani ile ile. Lakini Duncan alikuwa amecheza chuo miaka minne. Alifika na miaka 21, akiwa fundi aliyekamilika, anajua kusimama wapi na kupasi lini. Wiseman alikuwa amecheza mechi tatu za chuo kikuu. Tatu! Tena chuo chenyewe kiko Memphis, mji uleule uliomshinda Thabeet, ingawa hilo ni langu tu na uchawi wangu. Ramani ilikuwa moja, gari tofauti.

Kwa hiyo Wiseman alipewa nini? Mechi 39 msimu wa kwanza, kisha akaumia goti. Msimu wa 2021/22 hakucheza hata mechi moja ya NBA. Alirudi 2022/23, timu ikiwa bingwa mtetezi na kila mechi ina hesabu, akikosea mara mbili anatolewa, akapelekwa Santa Cruz kwenye ligi ya chini, na Februari 2023 akauzwa. Nafasi ya 12 ya drafti ile ile aliyochukuliwa Wiseman alikuwepo Tyrese Haliburton, aliyeifikisha Indiana fainali mwaka 2025. Kila nikiandika sentensi hiyo nanywa maji kwanza. Ila tuwe wa haki: timu nyingi zilimpita, na LaMelo Ball aliyechukuliwa wa 3 naye amekuwa mgeni wa madaktari. Si hoja yangu kwamba walichagua jina baya. Walichagua aina ya mchezaji ambaye hawakuwa na uwezo wa kumlea.

Angalia walichopata kwa Wiseman. Katika biashara ile ya timu kadhaa, aliyerudi kwetu alikuwa Gary Payton II. Huyu Payton ni mlinzi ambaye mwaka 2021, akiwa hajui kama atapata timu, aliomba kazi ya kushughulikia video pale pale Warriors. Akapewa nafasi ya mwisho ya kikosi, akawa kipande muhimu cha ubingwa wa 2022, halafu kiangazi kile kile wakamwacha aende Portland, na Otto Porter aende Toronto, wakisema dakika hizo sasa ni za vijana. Miezi saba baadaye wakatoa chaguo namba 2 ili kumrudisha mtu waliyemruhusu aondoke. Nikitaka kumweleza mtu zama mbili kwa dakika moja, namsimulia hiyo.

Ubingwa wenyewe wa 2022 ndio uliowalevya. Hesabu nani aliushinda: Curry, Draymond, Klay aliyetoka kwenye majeraha mawili makubwa, Wiggins, Kevon Looney aliyechaguliwa wa 30 mwaka 2015, Jordan Poole wa 28 mwaka 2019, Payton, Porter. Kuminga na kijana mwenzake Moses Moody waligusa gusa. Wiseman alikuwa na suti. Kwa maneno mengine, ulishinda ufundi wa zamani wa Warriors, ule wa kuokota watu wa mwisho wa foleni na kuwapa kazi moja moja ndogo kumzunguka Curry. Ila wenye timu waliutazama ubingwa ule wakaona kwamba mpango wa zama mbili umejibu. Kwani si tumechukua kombe na vijana bado tunao? Msimu ule walilipa karibu dola milioni 170 za kodi ya kupita kikomo, kwa hiyo siwezi kuwaita wabahili. Pesa walitoa. Dakika ndizo hawakuwa nazo.

Ona pia jinsi hao wa mwisho wa foleni walivyoendelea kufaa. Brandin Podziemski alichukuliwa wa 19 mwaka 2023, Trayce Jackson-Davis wa 57 drafti hiyo hiyo, Quinten Post wa 52 mwaka uliofuata. Hakuna hata mmoja kati yao aliye na kipaji cha Kuminga, nakuapia. Wote wamepata dakika. Post anasimama nje anatupa pointi tatu, basi. Podziemski anachota ribaundi, anapasi haraka, anachukua faulo za kugongwa. Deni lao ni dogo: ukimpa dakika kumi analipa papo hapo.

Kuminga deni lake ni kubwa, na hapa lazima tuingie uwanjani.

Mfumo wa Kerr ni wa kusoma. Curry anampa Draymond mpira, hakai, anakimbia kuelekea kwa mwenzake wa tatu, wanapishana, mmoja anamkinga mwingine. Walinzi wawili wakimfuata Curry, yule wa tatu apenye kwenye ringi. Wakibaki kila mmoja na mtu wake, Curry anachomoka nje anatupa. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna namba ya mchezo iliyoitwa. Ni kama wapiga ngoma waliokaa pamoja miaka kumi. Ingiza mtu mmoja anayesita nusu sekunde na ngoma nzima inaharibika. Kuminga anasita, macho yake yanatafuta mpira. Yeye hakukulia kwenye mpira huo: alizaliwa Goma mwaka 2002, akaenda Marekani mwaka 2016, akaruka chuo, akacheza muda mfupi na Ignite ya ligi ya chini, kisha drafti. Uzuri wake ni mpira mkononi, mlinzi mbele, na njia nyeupe kwenda ringini.

Njia nyeupe, nimesema. Draymond si mtupaji wa kuogopwa. Alipokuja Jimmy Butler Februari 2025, kwa kumtoa Wiggins na wengine, tukapata mtu mwenye akili ya ajabu lakini naye hapendi kutupa kutoka mbali. Sasa waweke watatu, Draymond, Butler na Kuminga, wakati mmoja: walinzi wao wote wanarudi nyuma kujaza eneo la chini ya ringi, na Curry anabaki kuzungukwa kama mabaki ya embe na nzi. Kerr akaangalia, akaamua mmoja apungue. Butler hawezi kuwa. Draymond hawezi kuwa. Tangu Butler alipofika timu ilikuwa inashinda, tukaingia mtoano kutoka nafasi ya 7, tukawatoa Houston kwa michezo saba. Ule wa saba Buddy Hield alifunga mitupo tisa ya pointi tatu, akafika pointi 33, na mimi nilichelewa kazini. Kwa kocha anayehesabu usiku mmoja mmoja, uamuzi wa kumweka Kuminga benchi ulikuwa sahihi karibu kila usiku. Ukijumlisha misimu minne ya usiku sahihi unapata kipaji kilichopotea, na hilo si la kocha. Kocha anaulizwa kuhusu mechi ya kesho. Aliyepaswa kuuliza kuhusu mwaka wa tano ni ofisi ya juu, kwanza ya Bob Myers, na tangu 2023 ya Mike Dunleavy.

Makosa ya Kuminga nayo yasifichwe. Miaka minne inatosha kujifunza kurudi kwenye ulinzi bila kukumbushwa. Kawhi Leonard alifika San Antonio mwaka 2011 akawakuta Duncan, Tony Parker na Manu Ginobili, akakubali kuwa mlinzi na mtupaji wa kona, akala kwa mikono miwili alichopewa, na mwaka 2014 alikuwa mchezaji bora wa fainali. Kuminga aliitaka sahani kubwa mapema. Kwa upande mwingine, alipopewa nafasi kweli, msimu wa 2023/24, alifikisha wastani wa pointi 16.1. Na hata msimu huo ilibidi kwanza iripotiwe Januari kwamba amepoteza imani na Kerr, baada ya kuachwa benchi mwishoni mwa mechi ya Denver, ndipo dakika zikaongezeka. Kijana akijifunza kwamba dakika hupatikana kwa kulalamika, utamlaumu akilalamika tena?

Mimi nilinunua jezi yake, namba 00, Kariakoo, wiki ile ile aliyochaguliwa. Fundi wa kuchapa alikosea herufi akaandika KUMNGA, nikamwambia weka hivyo hivyo. Mtu wa Goma, mji ambao Kiswahili ni lugha ya sokoni na kanisani, akawa anachezea timu yangu! Rafiki yangu mmoja Mkongo aliniambia hata wasiojua sheria za kikapu kule walikuwa wanauliza matokeo. Januari 2025, kifundo cha mguu kilipomweka Kuminga nje, mji wake ulikuwa mikononi mwa M23 na hakuna aliyeuliza matokeo. Nalitaja kwa sababu sisi mashabiki tunamjadili kama kete, na kwa wiki zile ilikuwa vigumu kuendelea kumjadili hivyo.

Tumrudie kama kete basi, kwa sababu ligi ndivyo inavyomwona. Muda wa kumtoa ulikuwa kiangazi cha 2024. Alikuwa ametoka kwenye ule msimu wa 16.1, mkataba wake mdogo ulikuwa na mwaka mmoja umebaki, Klay ameondoka kwenda Dallas, na jina la Lauri Markkanen wa Utah lilikuwa kila mahali likihusishwa na sisi: mtu mrefu anayetupa kutoka mbali, dawa hasa ya lile tatizo la nafasi nililolieleza. Haikutokea, Markkanen akasaini upya Utah. Najua Utah waliomba vingi. Lakini ukishaamua kwamba humpi kijana dakika, kila mwezi unaomweka bei yake inashuka, na Warriors hawakumpa dakika wala hawakumuuza. Njia ya pili iliyokuwepo ilikuwa kumkabidhi nafasi ya kuanza mechi zote 82 za msimu na kumeza vipigo vitakavyokuja. Ningeichagua ya kwanza, kwa moyo mzito na jezi yangu mgongoni. Oklahoma City, mabingwa wa 2025, walilipa deni lao waziwazi: misimu miwili mfululizo walishinda mechi 22 na 24, vijana wakikosea mbele ya viti vitupu. Wao hawakuwa na Curry wa kumwomba radhi.

Kiangazi cha 2025 ndipo bili ilipofika. Mkataba wake wa kwanza uliisha, na kwa sheria timu nyingine ingeweza kumpa ofa, lakini Warriors wangekuwa na haki ya kuilinganisha na kumbakisha. Timu zenye nafasi ya pesa zilikuwa za kuhesabu, na hakuna anayependa kufanya kazi ya kumpangia mwenzake bei. Kwa upande wao Warriors walikuwa wamebanwa. Kwa msimu wa 2025/26 mshahara wa Curry ulikuwa dola milioni 59.6, Butler 54.1, Draymond 25.9. Jumlisha: milioni 139.6, wakati kikomo cha ligi kilikuwa 154.6. Unaruhusiwa kupita kikomo kwa ajili ya watu wako, ila juu kuna mstari mwingine, msimu huo milioni 207.8, ambao ukiuvuka unafungwa mikono: huwezi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili kumpata mmoja, huwezi kutumia ile ruhusa ndogo ya kusajili wachezaji walio huru. Sheria hiyo ya 2023 ilitungwa, kwa maoni yangu, na picha ya Lacob ukutani. Ule ubavu wa kununua njia mbili kwa wakati mmoja umeondolewa kisheria.

Wakakaa wakitazamana Julai, Agosti, karibu Septemba yote. Senta mkongwe Al Horford, mwenye miaka 39, alikuwa anasubiri kusaini mpaka hesabu ya Kuminga ijulikane. Hebu fikiria, mzee anasubiri kijana aamue ili naye apate kiti. Mwishoni mwa Septemba wakakubaliana miaka miwili, hadi dola milioni 48.5, na mwaka wa pili ukiwa kwa hiari ya timu. Soma tena kipande hicho cha mwisho. Timu inayomwona mtu kama mrithi haiandiki mkataba ambao inaweza kuukata baada ya miezi tisa. Huo ni mshahara uliokatwa kwa kipimo cha kubadilishana: milioni 22.5 kwa msimu wa 2025/26, saizi inayoweza kumleta mchezaji wa maana kutoka timu nyingine. Kwa kanuni za ligi hakuweza kuuzwa kabla ya Januari 15, 2026.

Naandika haya katikati ya Oktoba 2025, hivyo tunayo miezi mitatu. Curry ana 37, Butler 36, Draymond 35. Kuminga ametimiza 23 wiki iliyopita, umri ambao Duncan alichukua kombe la kwanza. Horford atasimama nje na kutupa, na kwa mara ya kwanza tangu aje Butler kutakuwa na senta mzoefu anayeweza kumfungulia Kuminga ile njia nyeupe, kama Kerr atawapanga pamoja. Hiyo ndiyo "kama" ninayoifuatilia. Msimu unaanza Los Angeles dhidi ya Lakers, kwetu ni alfajiri ya Jumatano Oktoba 22, saa kumi na moja. Bando nimeshanunua, na nimeweka daftari la mwanangu lililobaki kurasa chache karibu na mto. Sitaandika pointi zake. Nitaandika anaingia dakika ya ngapi, na akipoteza mpira wa kwanza, anatolewa baada ya muda gani.